Karakana Iliyokuwa Mpaka

Watu wengine huhama. Hufunga magodoro kwa kamba, hupakia masufuria, hugombana na mwenye nyumba kwa mara ya mwisho, halafu hao, wanakwenda zao. Randa hakuwahi kuhama hata mara moja, lakini alihamishwa mara nne, na mara zote alikuwa amesimama palepale kwenye meza yake ya useremala, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Waliomhamisha hawakumgusa hata ukucha. Walichukua kalamu, wakavuta mstari kwenye ramani, na mwanamke huyo akaamka akiwa mtu wa kwingine.

Jimbo alikokulia lilikuwa dogo, limebanwa kati ya majimbo mawili makubwa, moja kaskazini na moja kusini, kama mtoto aliyelazwa katikati ya wazazi wanaokoroma. Leo ukilitafuta hulipati. Limefutwa, na kufutwa kwake kulitangazwa gazetini kwa maneno machache kuliko anayopewa mtu aliyepotelewa na kitambulisho. Wabunge waliosinzia bungeni kwa jina lake bado wapo, wananenepa, wala hawalitaji. Aliyelipigania ni fundi seremala ambaye hakuwahi kugombea hata uenyekiti wa mtaa.

Randa si jina alilopewa na wazazi. Baba yake alikuwa seremala, na mtoto wake wa kiume, ambaye ndiye aliyetarajiwa kurithi kazi, alipenda vitabu na kila aliposogelea mbao alikohoa. Binti ndiye aliyeshika randa, kile chombo cha kulainishia mbao, na hakukiachia tena. Majirani walisema sana. Mwanamke na randa wapi na wapi, nani atamwoa huyu, mikono itakuwa kama magome. Baba akawajibu kwamba randa haina macho, haijui anayeishika. Wenye maneno walipoishiwa wakaona bora wamwite kwa jina la chombo chake, wakidhani wamemtukana. Yeye akalipokea, akaliandika juu ya mlango wa karakana kwa rangi nyekundu.

Jimbo lenyewe lilipoanzishwa, Randa alikuwa mtoto wa kuchezea maranda sakafuni. Baba alipewa kazi ya kutengeneza masanduku ya kura ya uchaguzi wa kwanza. Mzee wa watu hakuwahi kuona kura. Alidhani mpiga kura huingiza mkono mzima, kama mtu anayetoa sadaka, kwa hiyo kila kifuniko alikitoboa tundu la kupitisha ngumi. Ofisa aliyekuja kuyachukua alicheka mpaka akashika ukuta, na vifuniko vyote vikafanywa upya. Lakini masanduku yalikwenda, kura zikapigwa, na tangu siku hiyo Randa aliamini kuwa jimbo ni kitu kilichotengenezwa nyumbani kwao, sawa na kabati. Alipokua aliacha kuamini mambo mengi ya utotoni, ila hilo hapana.

Mtaa wao ni njia moja ndefu inayoteremka. Juu kuna barabara kuu, chini kabisa kuna kijito ambacho siku hizi ni mtaro, na karakana ilikuwa katikati ya mteremko. Mpaka wa kwanza wa jimbo ulikuwa hicho kijito, na mtaa wote ulikuwa ndani. Kisha akaja mbunge mmoja ambaye mtaa ule ulimnyima kura, tena ukamzomea alipopita kushukuru. Kabla ya uchaguzi uliofuata, mpaka ulipandishwa kutoka kijitoni hadi barabara kuu, na mtaa mzima, pamoja na kuku na wazomeaji wake, ukajikuta uko jimbo la kusini. Watu walicheka. Walisema mheshimiwa ametususa, tumerudishwa kwa wazazi.

Kicheko kilikwisha siku Randa aliposhikwa na uchungu. Wakati huo alikuwa ameolewa na dereva wa lori, na dereva yuko safarini. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limenunuliwa kwa fedha za jimbo, limeegeshwa barabara kuu, umbali wa kurusha jiwe. Aliyeliendesha alisema ameagizwa asibebe watu wa nje ya jimbo. Alilisema hilo huku anatazama pembeni, maana alimfahamu vizuri. Kitanda alicholalia yeye na mkewe kilitoka kwenye karakana ile. Ikabidi Randa apakiwe kwenye mkokoteni wake mwenyewe wa kubebea mbao, wakamsukuma kuelekea mjini, kwenye hospitali ya jimbo lake jipya. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Kijeneza cha kwanza Randa alichowahi kutengeneza kilikuwa cha mwanawe, na hakuruhusu mtu mwingine ashike msumeno.

Ndoa haikudumu baada ya hapo. Mume alisema nyumba imejaa vumbi na ukimya, akaenda kutafuta isiyo na vitu hivyo. Randa akabaki na kazi. Alitengeneza milango, vitanda na madawati, na mara kwa mara, akiombwa na jirani asiyeweza kumtazama machoni, alitengeneza kijeneza kingine. Mkokoteni wake uliendelea kuwa gari la wagonjwa la mtaa, na si kila mara ulirudi na habari njema. Hakuna kazi aliyoichukia kama vijeneza. Aliifanya huku akitukana kwa sauti, anautukana ule mstari, anamtukana aliyeuvuta, na wenye msiba walisubiri nje mpaka amalize matusi ndipo wakabisha hodi. Hawakumkataza. Alikuwa akiwatukania na wao.

Miaka ikapita, mbunge yule akaangushwa, na tume ya kuchora mipaka ya majimbo ikaurudisha mstari kijitoni. Mtaa ukarudi nyumbani, umechoka kama mtu aliyetoka jela kwa kosa la mwingine. Mbunge mpya alipokuja kutoa pole, Randa alisimama akasema hataki pole, anataka zahanati yenye chumba cha kujifungulia, chini kabisa ya mtaa, karibu na mtaro, ambako kiwanja kiko wazi. Alilisema kwenye mkutano huo, akalisema kwenye uliofuata, na mheshimiwa alipohudhuria mazishi alimsogelea akamwambia tena, kabla hata udongo haujakauka kwenye viatu. Mfuko wa jimbo ukatoa msingi, halafu kuta. Wakazi walichota maji na kubeba matofali. Milango yote aliitengeneza Randa, na aliyethubutu kumuuliza bei alifukuzwa karakanani. Kilichobaki ni paa, na fedha za paa zilikuwa zimeshatengwa.

Hapo ndipo tume ikaja tena. Safari hii ilisemwa kuwa jimbo lina watu wachache mno, halistahili mbunge, litagawanywa kati ya kaskazini na kusini. Waliokuja kutazama mahali pa kugawanya walishuka mtaani na ramani zao, na kabla hawajafika mbali mvua ikawafumania. Wakakimbilia karakana. Randa, ambaye hana adabu na wanasiasa lakini ana adabu na mtu aliyelowa, aliwapa viti na kitambaa cha kufutia miwani. Wakakaa humo mpaka mvua ikakatika, wakiandika magotini. Hawakushuka tena chini, kwa sababu njia ilikuwa tope tupu. Wakamshukuru, wakaondoka.

Tangazo lilipotoka, mdogo wake Randa, yule mpenda vitabu ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na mtaa mzima unamwita Mwalimu, alimsomea akiwa amesimama. Mpaka kati ya kaskazini na kusini, kwa mujibu wa tangazo, utapita kwenye karakana ya seremala. Walio upande wa juu ni wa kaskazini, walio upande wa chini ni wa kusini.

"Karakana ipi?" Randa akauliza.

"Dada, mtaa huu una karakana ngapi?"

"Yaani nimewapa viti, na wao wamekalia viti vyangu wakanikatia mtaa?"

"Walishindwa kushuka chini kwa sababu ya tope. Wakaandika walipoishia."

Haikuhitaji elimu kubwa kuona maana yake. Nyumba nyingi zilikuwa juu ya karakana, kwa hiyo watu walikwenda kaskazini, na fedha za paa zikawafuata huko. Zahanati ilikuwa chini, kwa hiyo ilikwenda kusini, na sheria ilikataza fedha za jimbo moja kujenga ndani ya jimbo jingine. Mbunge wa kusini alikuwa na hospitali yake mjini. Alisema kuta zile zitamfaa kwa kuhifadhia saruji. Watu walimjia Randa mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kwenye msiba, na hasira iliyomshika alikuwa hajawahi kuisikia tangu siku ya mkokoteni.

Mkutano wa kukusanya maoni uliitishwa tangazo likiwa limeshatiwa saini, jambo ambalo ni kama kumuuliza maiti anapenda sanda ya namna gani. Ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti wa tume alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na ilionekana wazi kwamba ameshachoka na kumbi za shule. Zamu ya Randa ilipofika alisimama na vumbi lake vilevile.

"Karibu, mama. Jitahidi kuwa mfupi, wasemaji ni wengi."

"Mimi ndiye mwenye ile karakana, Mwenyekiti. Siku ya mvua niliwapa viti."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu. "Nakumbuka sana. Viti imara."

"Vijeneza vyangu pia ni imara," Randa akasema, na kicheko kikakatika. "Nimetengeneza vingi, cha kwanza cha mwanangu. Alikufa kwa sababu kuna mtu kama wewe alivuta mstari akaniweka nje ya gari la wagonjwa. Sasa tumejenga zahanati yetu kwa mikono yetu, na wewe unaivutia mstari mwingine. Kusini wanataka kuweka saruji. Saruji inazaa, Mwenyekiti?"

"Pole sana, mama. Kwa kweli pole. Maoni yako yamepokelewa."

"Yamepokelewa yakawekwa wapi?"

"Yamepokelewa."

"Ushuke mpaka mtaroni ukaone mwenyewe. Siku ile hukufika. Uliogopa tope."

Hilo lilimchoma. Mwenyekiti alivaa miwani, akaichukua karatasi yake, akaipiga kwa kidole. "Mama, tangazo limetiwa saini. Sibadilishi neno, hata moja. Limeandikwa karakana ya seremala, basi ni karakana ya seremala. Ilipo karakana, ndipo ulipo mpaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwenyekiti. Tena sana." Randa akaketi. Waliomjua walishtuka, kwa sababu Randa si mtu wa kuketi mapema.

Njiani Mwalimu alikuwa anamkimbilia. "Dada, mbona ulinyamaza ghafla? Umenitia hofu."

"Nilikuwa napiga hesabu ya mbao."

"Mbao gani?"

"Za karakana."

Mwalimu akasimama katikati ya njia. "Usiniambie."

"Sikuambii. Nakuomba tu uje Jumapili, na watu wenye mikono."

"Watatufunga, dada!"

"Kosa gani? Fundi kuhamisha meza yake?"

"Unajua kabisa kwamba si meza."

"Najua. Na wao walijua kabisa kwamba si karakana tu."

"Mimi ni mtumishi wa serikali. Nina watoto."

"Basi njoo umenyamaza. Ubebe mbao kimyakimya, kama mnavyokaa kimyakimya kwenye vikao vyenu."

Wapo waliomshauri wafanye usiku. Aliwakatalia palepale. Mwizi ndiye anayehama usiku, alisema. Yeye atahama mchana kweupe, na nyundo zipigwe mpaka kusini wazisikie. Mjane anayeuza mkaa kwenye ukingo wa mtaro, kati ya mtaro na zahanati, alihamishia magunia yake nyuma ya nyumba na kumwachia kiwanja chake. Hakuombwa mara mbili. Alikuwa na wajukuu wawili waliozikwa kwa kazi ya Randa.

Karakana ile ilikuwa imejengwa na baba yake bila msumari hata mmoja kwenye kiunzi. Mzee aliwahi kufukuzwa na mwenye kiwanja ujanani, na misumari ikamgharimu mbao zake zote, zikapasuka wakati wa kung'oa. Toka hapo alijenga kwa ulimi na tundu, ubao mmoja unaingia ndani ya mwenzake na kufungwa kwa kigingi cha mti, akisema kwamba fundi anayepanga ajenge kama msafiri. Jumapili hiyo Randa alikuwa anagonga vigingi kwa upande wa nyuma, vinatoka, na boriti zinashuka mikononi mwa watu bila kelele. Mwalimu alikuja. Alivaa kofia ameishusha mpaka puani, utadhani wanafunzi wake hawajui mwendo wake. Walimwamkia wote, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitika huku amebeba ubao begani.

Kule chini, kazi ya kusimamisha nguzo alipewa Mwashi, jirani aliyejenga kuta za zahanati, mtu wa bidii isiyouliza maswali. Randa alipofika na mzigo wa mwisho, alimkuta ameshachimba mashimo manne, amesimamisha nguzo na kumwaga zege, anajifuta jasho kwa fahari. Randa akatazama nguzo. Akaitazama zahanati. Akazitazama nguzo tena.

"Mwashi, ndugu yangu. Mpaka utapita wapi?"

"Hapa kwenye karakana, si ndivyo?"

"Na zahanati iko wapi?"

Mwashi akageuka. Zahanati ilikuwa nyuma yake, upande wa mtaro, imeachwa nje kusini vilevile kama tume ilivyoiacha, isipokuwa sasa imeachwa kwa zege. "Mimi nilitazama udongo," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa udongo ni mgumu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Randa alimtukana matusi yake yote ya vijenezani, halafu naye kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akatoka machozi, na ilikuwa miaka tangu watu wamwone hivyo. Nguzo ziling'olewa zege likiwa bado bichi. Jua lilipoinama karakana ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa mtaro, kwa mjane, jina jekundu juu ya mlango, na Randa ameshaanza kukata ubao ili pasiwe na mtu wa kusema ni banda tupu.

Mpimaji wa tume alikuja na nguzo zake za mpaka wiki hiyohiyo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye buti kubwa, na alifuatana na mpambe wa mbunge wa kusini, bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa aliyekuwa amepewa kazi ya kuzipokea zile kuta. Wakateremka kutoka barabara kuu wakisoma tangazo. Katikati ya mteremko wakakuta mstatili wa udongo mweusi na maranda yanayopeperuka.

"Samahani, karakana ya seremala iko wapi?" mpimaji akamuuliza mama aliyekuwa anaanika nguo.

"Iko kazini," yule mama akajibu bila kugeuka. "Fuateni msumeno."

Wakaufuata msumeno mpaka chini. Mpambe alipoona yaliyotokea alipiga kelele kwamba huu ni uhuni, ni uhaini, kwamba mtu akamatwe sasa hivi. Mpimaji hakupiga kelele. Aliisoma karatasi yake tangu juu hadi chini, akampigia simu Mwenyekiti, akasema maneno machache, halafu akasogeza simu mbali na sikio. Kabla ya saa sita Mwenyekiti alikuwa ameshuka mwenyewe, na viatu vyake safari hii viliingia tope.

"Mama," alisema, "umehamisha mpaka wa majimbo."

"Nimehamisha meza yangu na misumeno yangu. Mpaka mliufunga nyinyi kwenye mlango wangu. Mtu akifunga mbuzi wake kwenye mguu wa meza yako bila kukuomba, ukihama na meza, kosa la nani mbuzi akifuata?"

"Unafanya mzaha na sheria."

"Mzaha mlianza nyinyi. Mlikata mtaa wa watu kwa sababu ya tope. Ilipo karakana ndipo ulipo mpaka, ulisema. Ukumbi mzima ulikusikia. Karakana hii hapa. Gusa."

Mwenyekiti hakugusa. Aliitazama zahanati isiyo na paa, akaenda akachungulia ndani kwenye kile chumba cha kujifungulia, ambacho sakafu yake ilikuwa bado na madimbwi ya mvua. Alikaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama madimbwi. Alipotoka aliomba kiti, na Randa akampa.

"Nitalirekebisha tangazo," alisema baada ya kuketi. "Lazima. Siwezi kuacha mpaka wa majimbo utembee na fundi. Nitaandika upya, bila karakana."

"Utaandika lini?"

"Mpaka Bunge likutane."

"Basi wewe andika," Randa akasema. "Sisi tunaezeka."

Mwenyekiti alimwambia mpimaji asimike nguzo mtaroni, kama tangazo linavyosema. Mpambe alilalamika mpaka garini.

Jimbo lilikufa mwezi huo. Kibao cha ofisi yake kiling'olewa barabara kuu, na Randa alipopita akaona matundu manne ya misumari ukutani, alisimama akauma meno. Hakuwa na la kufanya kuhusu hilo, na liliuma kuliko alivyotaka watu wajue. Lakini mtaa ulikuwa mzima, juu mpaka chini, ndani ya kaskazini, na mbunge wa kaskazini hakuwa na pa kujifichia: fedha ni za mtaa, zahanati iko jimboni mwake, na kila asubuhi kulikuwa na mwanamke mwenye vumbi kwenye nyusi mlangoni pa ofisi yake. Mabati yakaja. Muuguzi naye akaja, vikaja na vitanda, na baada ya muda mfupi pakawa na foleni.

Marekebisho nayo yakaja, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayasahauliwi. Tangazo jipya lilikuwa na namba tupu za wapimaji, halikutaja karakana wala mti wala jiwe, na namba hizo zilipowekwa chini zahanati ilikuwa imerudi kusini. Siku iliyofuata, asubuhi, mpambe alifika na lori la saruji na kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto.

Randa alilisikia lori akiwa karakanani. Alitoka akaenda kusimama mbele ya mlango wa zahanati, mikono mitupu.

"Pisha, Bi Randa," mpambe akasema. "Leo huna cha kuhamisha."

"Sina, na sihamishi. Humu ndani kuna mtu anazaa."

"Atolewe. Apelekwe kwenye jimbo lake."

"Jimbo lake ndilo hili lenu. Ametoka ng'ambo ya mtaro, kwenu, amevuka ule ubao uliolazwa juu ya mtaro kwa miguu yake na uchungu wake, kwa sababu hospitali yenu iko mjini na hakutaka kuzalia njiani. Nusu ya wanaokuja hapa ni wenu. Hatumuulizi mtu katoka upande gani. Mimi niliulizwa, bwana, nikasukumwa kwenye mkokoteni, na mwanangu hakulia. Humu hasukumwi mtu." Akasogea pembeni, akauachia mlango. "Haya. Ni mpiga kura wa mheshimiwa wako. Ingia umtoe mwenyewe, halafu ufunge."

Mpambe aligeuka kuwaita wapakuzi. Walikuwa wamekaa kwenye bampa ya lori. Mmoja wao, jitu la miraba minne lenye saruji mpaka kwenye kope, lilikuwa limekunja mikono.

"Dada yangu kazalia humu," likasema. "Sishushi mfuko hata mmoja."

Mwingine akatazama chini. Dereva akazima injini. Ndani mwanamke alipiga ukelele, muuguzi akamwambia sukuma, sukuma mama, na mpambe akabaki amesimama kwenye jua na kufuli lake mkononi, hajui aliweke wapi. Alijaribu kulitia mfukoni, halikuingia. Alisimama hivyo mpaka mtoto alipolia, kilio kikali cha mtu mwenye madai, na lori zima likashangilia.

"Wa kike au wa kiume?" mpambe akauliza.

Randa akamwambia avue viatu, aingie akatazame mwenyewe.